Sisimizi Kwenye Bafle la Marehemu

Sisimizi walikuwa wanaingia ndani ya bafle la kushoto.

Mélanie aliwaona kabla ya kuona kitu kingine chochote katika sebule ile. Walitoka chini ya mlango, mstari mmoja mwembamba, wakafuata ukuta, wakapanda ubao mweusi wa bafle, lile sanduku la spika, na kupotea ndani ya tundu la duara ambalo besi hutolea pumzi. Wengine walikuwa wanatoka, na kila aliyetoka alibeba kitu cheupe mdomoni. Bafle la kulia halikuwa na sisimizi hata mmoja.

Alikuwa amefanya kazi ya inspekta wa upelelezi hapa Kalemie muda wa kutosha. Alijua kwamba kwenye chumba chenye kelele, kile ulichokiona na hujakisema kinabaki chako.

Na kelele zilikuwepo.

"Mama Inspekta, andika!" Papa Doudou, mdogo wa marehemu, alikuwa amesimama katikati ya sebule na kofia yake nyeupe kichwani. "Andika kwamba huyu mwanamuke alipiga muziki ndani ya matanga ya bwana yake. Alifungua nguo iliyofunika vyombo. Aliunguza mabafle ya kaka yangu. Leo analala kwao Niemba."

Kwa hilo la kulala hakuwa anatania. Godoro la mjane lilikuwa tayari limetupwa uani, limeegemea mti wa mpapai, na kuku mmoja alikuwa amepanda juu yake.

Mjane, Mama Alphonsine, alikaa sakafuni na kitambaa cheusi kichwani. Hakulia wala hakujitetea.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Papa Wilfried, aliyefundisha kwaya ya parokia, alikufa msimu wa mvua uliopita. Aliacha ampli moja, mashine ya kukuza sauti, na mabafle mawili, vitu ambavyo mtaa mzima ulivijua. Katika familia yao, marehemu akiacha chombo chenye sauti, chombo hicho hufunikwa nguo mpaka matanga yaishe. Ndugu wa damu ndio wanaofunga nguo, na wao ndio wanaoifungua. Mjane haigusi. Akiigusa amekataa matanga, na mjane aliyekataa matanga hana nyumba tena.

Asubuhi hiyo ndiyo matanga yalikuwa yanaisha. Doudou na dada yake Célestine walifungua nguo mbele ya watu, wakawasha ampli. Watu walisubiri sauti ya Wilfried, aliyekuwa akijirekodi akiimba. Ikatoka ngurumo nzito isiyo na maneno, kama mtu anayezungumza ndani ya pipa. Doudou akazima palepale, akaita polisi.

Mélanie alivuta kiti, akakaa karibu na mjane.

"Mama, jina lako?"

"Alphonsine."

"Na mume wako aliitwa nani?"

"Papa Arlette."

"Hilo ni jina la binti yenu. Nataka jina lake yeye."

Mjane alitazama mkeka. "Papa Arlette," alirudia polepole.

Doudou alicheka. "Hatalisema hata umufunge! Kwetu mwanamuke hamuiti bwana yake jina. Andika Wilfried, Mama Inspekta."

"Nguo ile uliigusa, Mama Alphonsine?"

"Hapana."

"Uliwahi kuondoka nyumbani?"

"Nilienda Niemba kulima mihogo, miye na Arlette. Ufunguo ulibaki unaning'inia hapo kwenye mlango, pahali pake pa siku zote."

"Anadanganya," alisema Doudou. "Shahidi iko. Mama Yvette, sema."

Mama Yvette, jirani, alikuwa dirishani tangu mwanzo, viwiko vikiwa juu ya kizingiti kama mtu aliyelipia kiti. Aliingia haraka.

"Mama Inspekta, miye nilisikia kwa masikio yangu haya. Nilikuwa nageuza samaki wangu wadogo, ndagala, juani. Nikasikia marehemu anaimba! Papa Wilfried mwenyewe! Nilitupa kitambaa, nikaingia ndani, nikafunga mlango, nikasali. Ndagala waliliwa na kunguru."

"Muziki ulitoka nyumba hii?"

"Sasa Papa Wilfried angeimbia nyumba ya nani?"

Watu walicheka. Mélanie hakucheka.

"Sauti yake ilikuwaje?"

Yvette alifikiri. "Ilikuwa yake, lakini ilikuwa inakwaruza. Kama mutu anakokota bati kwenye mawe. Nikajiambia, labda wafu njo wanaimba hivyo."

Mélanie aliandika neno moja, "bati", kisha akamgeukia Doudou. "Papa, wewe unasema yaliunguaje?"

Hilo ndilo swali Doudou alilolingoja. Alinyoosha kidole kwenye ampli. "Ona. Ampli iko wati mia moja. Mabafle, wati themanini. Kila muntu anajua: ampli ikipita bafle nguvu, bafle linaungua. Kaka yangu alikuwa anaweka sauti chini kwa sababu aliogopa. Huyu hakuogopa, alifungulia mpaka mwisho. Miye niko na baa, Mama Inspekta, vyombo ninavijua."

"Na ampli ya baa yako ina wati ngapi?"

"Elfu mbili!" Kifua chake kilipanda. "Ukikohoa kwenye mikro yangu, mpaka kule Moba wanakujibu pole."

"Kuna ampli nyingine?"

"Nyingine ya nini?"

Karibu na mlango, Mama Célestine, dada wa marehemu, alikuwa anapunga uso wake kwa kipande cha katoni. Mélanie alipomuuliza kama ana la kuongeza, alitikisa kichwa tu.

Mélanie alipiga simu.

Martine alifika kwa pikipiki ya abiria, na sauti yake ilitangulia kuingia. Yeye ndiye aliyekodisha vyombo vya muziki kwa harusi nyingi upande ule wa mji, na hakuna aliyehitaji kumsifu kwa sababu alijisifu mwenyewe. Bisibisi yake ilikuwa imechomekwa kwenye nywele.

"Mgonjwa yuko wapi? Ah!" Alisimama ghafla mbele ya mabafle. Alipiga ubao kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akapiga tena. "Niliomba kununua haya mara ngapi? Papa Wilfried akakataa. Niliposikia yameungua nililia kuliko nilivyomlilia shangazi yangu, Mungu anisamehe."

"Usiguse ampli bado," alisema Mélanie. "Anza na bafle la kushoto."

Martine alifungua skrubu, akatoa uso wa bafle. Mélanie alipiga magoti, akaingiza mkono ndani, akapapasa pamba iliyokuwa nyuma. Alipoutoa, kiganjani palikuwa na ndagala wawili wakavu na vichwa vitatu. Sisimizi walipanda mpaka kwenye saa yake.

Watu walisogea kutazama.

"Hii nyumba inakausha ndagala?" aliuliza.

"Huyu ni mukulima," alisema Yvette. "Ndagala anakuja kuomba kwangu."

Doudou alimgeukia Yvette. "Basi njo wewe uliyeyachukua!"

"Miye? Miye ninayekimbia wafu, nikachukue mabafle ya marehemu?"

"Tulia, Papa," alisema Mélanie. "Martine, kilichoungua ni nini?"

Martine alikuwa tayari na mashine yake ya kupima. Aligusa besi, spika kubwa ya chini, kwa nyaya mbili, mshale ukaruka. Alibonyeza karatasi nyeusi ya besi kwa vidole, ikaingia na kurudi bila mkwaruzo. Kisha akagusa twita, ile spika ndogo ya juu inayobeba sauti nyembamba. Mshale haukutikisika. Bafle la pili nalo lilikuwa vivyo hivyo. Alitoa twita moja, akaifungua, akamwonyesha Mélanie uzi wa shaba mwembamba kama nywele, mweusi, umekatika.

"Besi zote mbili nzima," alisema Martine. "Twita zote mbili maiti. Na ampli kubwa haiuwi hivi."

"Eleza ili Papa Doudou asikie."

"Atasikia tu, masikio yake yamezoea wati elfu mbili." Martine alikaa sakafuni. "Sauti ni wimbi. Linapanda pole, linashuka pole, kama ziwa asubuhi. Ampli yenye nguvu inalibeba lote. Sasa chukua ampli ndogo, ilazimishe ipige kama kubwa. Inasukuma wimbi, inafika kwenye dari yake, haina pa kwenda. Inakata wimbi kichwa. Wimbi lililokatwa kichwa linakuwa na makali, na makali yale yanakimbilia kwa twita, maana njo kazi yake. Yeye ni uzi tu, maskini. Anapata moto. Na wewe nje unasikia nini?"

"Bati juu ya mawe," alisema Mélanie.

Yvette alijishika mdomo.

"Kwa hiyo ampli ndogo njo inaunguza?" Doudou alikunja uso. "Ndogo?"

"Ndogo inayolazimishwa. Kubwa inayoheshimiwa haiunguzi kitu. Kaka yako alichagua ampli iliyopita bafle kidogo, makusudi, ili isifike kwenye dari yake kamwe. Hakuwa anaogopa. Alikuwa anajua."

Mélanie alichukua tochi ya simu, akamulika nyuma ya ampli. "Njoo uangalie, Papa."

Doudou aliinama. Nyuma ya ampli, mahali ambapo nguo haikufika, kutoka kwenye matundu ya nyaya mpaka ukutani, buibui alikuwa amefuma utando. Ulikuwa mzima, na vumbi lilikuwa limekaa juu yake kama unga. Nyaya za kushoto na za kulia zilipita katikati yake bila kuuvunja, kwa kuwa zilikuwa hapo siku zote. Lakini kwenye mabafle, ncha za nyaya hizo zilikuwa zimekunjwa upya. Shaba yake iling'aa.

"Aliyeyaunguza hakugusa ampli hii," alisema Mélanie. "Alichomoa nyaya upande wa mabafle, akaenda na mabafle, akayarudisha, akafunga nguo ileile. Mama Alphonsine angetaka muziki, angewasha ampli iliyo mbele yake. Kwa nini abebe mabafle mpaka kwenye ampli dhaifu?"

Kwa mara ya kwanza mjane aliinua uso.

"Anayeweza kufungua nguo bila hatia ni nani?"

"Ndugu wa damu," alisema Doudou. Kisha akaelewa, akarudi nyuma hatua. "Mama Inspekta! Miye niko na vyombo vyangu!"

"Ndiyo, nilianza na wewe. Martine, mabafle haya yangepelekwa kwenye baa ya Papa, kwenye ile ampli ya wati elfu mbili, yangekuwaje?"

Martine alicheka mpaka akashika tumbo. "Besi ingetoka nje kusalimia watu! Karatasi ingepasuka kama soksi. Ungeokota vipande kwenye glasi za bia."

"Na besi hizi ni nzima. Basi ampli yako imekutoa mashakani, Papa Doudou."

Doudou alifuta jasho. Hakujua kama amesifiwa au ametukanwa.

Mélanie alitoka uani, akamwita Yvette. Kutoka pale mteremko ulionekana wote: nyumba ya mjane juu, ya Yvette katikati, kisha paa la bati chini karibu kabisa na maji, na ziwa jeupe kwa jua mpaka mwisho wa macho. Yvette alikwenda uani kwake, akasimama penye meza ya ndagala kama siku ile, uso kuelekea ziwani.

"Sauti ilikupiga wapi, Mama? Usoni au mgongoni?"

Yvette alitazama juu, nyumba ya marehemu. Akatazama chini, ziwani. Alibaki hivyo, mdomo wazi.

"Usoni," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Ilinipiga usoni. Ilitoka chini. Mama yangu, ilitoka chini, na miye nilitazama juu tu, kwa nyumba yake, kwa sababu alikuwa anaimba Papa Wilfried..."

Chini palikuwa na paa moja.

Waliporudi sebuleni, Mélanie hakukaa. Aliuliza swali moja, bila kupandisha sauti.

"Mama Célestine, kwako unapigia muziki kwa kitu gani?"

Kipande cha katoni kilisimama. Célestine alimtazama kaka yake, akamtazama mjane. Kisha alisimama, akatoka. Doudou alitaka kumfuata, Mélanie akamzuia kwa mkono.

Walimwona anashuka mteremko, na baadaye anapanda. Alikuwa amebeba kitu kilichofungwa ndani ya kitenge. Alikiweka sakafuni mbele ya Mélanie, akakifungua: redio ya gari, ya zamani, nyaya zake zikiwa zimefungwa kwenye betri ya pikipiki. Harufu ya ndagala ilijaa chumba.

Martine aliigeuza mkononi. "Wati kumi na tano," alisema, na safari hii hakucheka.

"Nina nyimbo zake ndani ya simu," alisema Célestine. "Kwenye simu iko mudogo mno. Anakuwa kama mutoto. Nikafikiri, mabafle yake yanamujua. Nikayaweka ndani, katikati ya vitunga vyangu vya ndagala. Hakufika. Nikaongeza sauti. Hakufika. Kadiri ninavyoongeza, anazidi kukwaruza, kisha akaenda mbali, akazimika."

"Na asubuhi hii?" Sauti ya Doudou ilikuwa imekauka. "Ulitazama tukitoa godoro la mulamu wetu nje? Ukanyamaza?"

Célestine alitoka tena, safari hii uani. Alimfukuza kuku, akalipindua godoro, akalipiga vumbi kwa mikono yote miwili, akaliinamia na kulipandisha kichwani. Lilikuwa zito na lilimfunika macho. Aligonga fremu ya mlango mara mbili. Hakuna aliyemsaidia mpaka Alphonsine aliposimama, akashika upande wa nyuma, na wawili hao wakapita katikati ya watu mpaka chumba cha ndani.

Mélanie alisikia sauti ya mjane kule ndani. "Wifi, ungeniambia. Ningekufungulia mulango, tungekaa wote."

Waliporudi, Doudou alikuwa amevua kofia. "Mama Inspekta," alisema, "kile nilichokwambia uandike..."

"Sijakiandika."

Kazi yake ilikuwa imekwisha, angeweza kuondoka. Lakini Martine alikuwa ametoa twita mbili ndani ya mfuko wake, zenye oms zilezile, kipimo kilekile cha umeme, alizokuwa amezinunua kwa vyombo vyake mwenyewe. Alikuwa anazifunga bila kuulizwa na mtu, akinong'ona peke yake. Mélanie alibaki.

Mbele ya ampli kulikuwa na fulashi, kijiti kidogo cha kuhifadhia nyimbo, kimechomekwa tangu Wilfried akiwa hai. Na pembeni ya kitufe cha sauti, karibu na mwanzo kabisa, palikuwa na tone la rangi nyekundu.

"Hii ni nini?" Mélanie aliuliza.

Alphonsine alisogea. Aliligusa tone lile kwa ukucha. "Rangi yangu ya kucha," alisema. "Nilimusumbua kwa chupa ya rangi hii wiki nzima. Akasema hajaiona."

"Ni alama yake," alisema Martine. "Hapa njo mwisho. Wati mia moja, na anatumia hizi tatu nne. Ni kama lori zima limebeba kuku mmoja. Lori halitoki jasho, na kuku anafika salama." Alizungusha kitufe mpaka kwenye tone, akakiacha. "Nyamazeni, basi."

Aliwasha.

Mwanzoni Mélanie alifikiri mvua imeanza. Alitazama dirishani, jua lilikuwa kali. Mvua ilikuwa ndani ya chumba, juu ya paa ambalo halikuwa linanyeshewa. Kisha kiti kikalia. Mtu alivuta pumzi, akameza mate. Sauti hazikutoka kwenye bafle la kushoto, wala la kulia. Zilitoka katikati, penye ukuta mtupu. Watu wote waligeuza nyuso kuelekea ukuta ule kwa pamoja, kama mtu anapoingia.

Haikuwa sauti kubwa. Mtu angeweza kuzungumza juu yake. Hakuna aliyethubutu.

"Haya," alisema Wilfried.

Yvette alipiga ishara ya msalaba. Doudou alikandamiza kofia kifuani kwa mikono miwili. Célestine alipiga magoti, akanyoosha mkono mbele, si kwenye bafle bali kwenye hewa iliyo katikati, kisha akaurudisha taratibu kama mtu aliyeogopa kumwamsha mtoto. Martine, aliyesikiliza vyombo maisha yake yote, alikuwa amefunga macho na midomo yake ilikuwa wazi.

"Haya. Sasa iko sawa. Hebu nijaribu." Karatasi zilichakarika. Alikohoa kidogo, wakasikia kohozi lenyewe. Kisha akaita, akiwa amegeuza kichwa, na sauti ikaelekea upande wa jikoni: "Mama Arlette! Uko unanisikia huko?"

Mvua iliendelea. Kwa mbali, ndani kabisa ya ile siku, kifuniko cha sufuria kiligonga. Hakuna aliyejibu.

Mélanie alimtazama mjane. Alphonsine alikuwa amesimama mkono mmoja ukiwa bado kwenye tone jekundu, uso wake umeelekea jikoni, kisha ukageuka polepole kwenye ukuta.

"Nilimusikia," alisema. "Nilikuwa na hasira ya chupa yangu."

Ukutani, Wilfried alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliye peke yake. "Haya, hanisikii," alisema, akavuta pumzi ili aanze kuimba.

"Niko nakusikia," alisema Alphonsine. "Wilfried. Niko nakusikia."